Kampasi za Muhimbili na Mgonjwa wa Mandewa

Mgonjwa anayefika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida, Mandewa, huenda akahudumiwa na mtaalamu aliyefundwa mamia ya kilomita kutoka hapo. Ni vema basi kufahamu wataalamu wa namna hiyo huandaliwaje, na haki za mgonjwa wanayejifunza kwake ni zipi.

Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) ni chuo cha umma. Kilianza mwaka 1963 kama Shule ya Tiba ya Dar es Salaam, kikawa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968, chuo kikuu kishiriki mwaka 1991, na chuo kikuu kamili mwaka 2007.

Kampasi kongwe ipo Upanga, ubavuni mwa Hospitali ya Taifa Muhimbili. Ya pili ni Mloganzila, nje kidogo ya jiji, ambako hospitali ya kisasa ilizinduliwa mwaka 2017. Kampasi nyingine imeanza kujengwa Kigoma.

Upanuzi huo una sababu ya kitabibu. Udaktari hujifunzwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Wanafunzi wakizidi, mgonjwa huchoshwa na mwanafunzi hapati nafasi ya kupima kwa mikono yake. Tena safari ni ndefu: miaka 5 ya shahada, 1 ya utarajali, kisha angalau 3 ya ubingwa. Pengo la daktari bingwa mkoani haliwezi kuzibwa kwa mwaka mmoja.

Chuo hufanya pia utafiti, kwa mfano juu ya selimundu, malaria, UKIMWI na dawa za asili. Utafiti unaohusisha binadamu sharti upate kwanza kibali cha kamati ya maadili, na mshiriki aridhie baada ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa.

Kwa hiyo, popote anapotibiwa, mgonjwa anayo haki ya kuuliza: Huyu ni mwanafunzi au daktari? Nani anamsimamia? Hii ni tiba au utafiti? Nikikataa, je, nitaendelea kutibiwa? Jibu la swali la mwisho ni ndiyo, daima. Mhudumu wa afya naye asisubiri kuulizwa. Ajitambulishe, aeleze, ndipo aguse.