Zawadi Kutokana na Vifaa vya Nyumbani: Kipi Kitumike, Kipi Kiachwe

Wakati wa likizo, wazazi na walezi wanaweza kuwasaidia watoto kutengeneza zawadi kwa vifaa ambavyo vingetupwa. Gari dogo ni mfano mzuri. Osha pakiti ya maziwa kwa sabuni, kisha uikaushe juani. Mtu mzima akate magurudumu manne kutoka kwa ndara kuukuu na kuyatoboa katikati. Mtoto apitishe vijiti viwili kwenye pakiti, achomeke magurudumu, kisha abandike vipande vya leso kwa uji mzito wa unga wa ngano.

Hata hivyo, si kila kifaa ni salama. Chombo kilichowekwa dawa ya wadudu, dawa ya mifugo au mafuta ya taa kisitumike hata kikioshwa, kwa sababu sumu inaweza kubaki ndani. Betri zilizoisha na mabati yenye makali pia yaachwe.

Mtoto wa chini ya miaka 3 asipewe zawadi yenye vifungo, shanga au vifuniko vya chupa, kwani vinaweza kumkaba. Mpira wa vitambaa ulioshonwa imara unamfaa zaidi.

Mabaki ya plastiki yasichomwe. Moshi wake hudhuru mapafu.