Msimu wa wageni Malindi, msimu wa mpunga Golbanti

Golbanti, kwenye delta ya Mto Tana, ina historia ndefu kuliko ajira zake. Wamishonari wa Methodisti walijenga kituo hapa mwaka 1885, na mwaka uliofuata Mchungaji John Houghton na mkewe wakauawa katika uvamizi. Miaka mia moja baadaye watu wa Tana walisubiri mshahara kutoka mashamba ya mpunga ya TARDA, mamlaka ya serikali ya kuendeleza mabonde ya Tana na Athi, upande wa Gamba, lakini mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yakaubomoa mradi ule. Kwa hiyo kijana anayemaliza kidato cha nne leo hutoka Garsen kwa basi, akashuka Malindi au Watamu na kubisha lango la hoteli.

Tusiidharau kazi hiyo. Asiye na cheti chochote huanzia bustanini, kwenye kufua nguo au kwenye masufuria. Akiwa mwepesi wa kujifunza, baada ya misimu michache anaweza kuwa anabeba sahani mezani au anasimama jikoni karibu na mpishi. Chakula cha mchana kipo. Sare ipo. Bakshishi ikinyesha, mwezi mmoja wa Desemba unaweza kulipa karo ya mdogo wake. Kisha kuna lugha: Malindi ina wahudumu wanaozungumza Kiitaliano safi ambao hawakukisomea darasani hata siku moja, na ulimi huo huwafuata kokote waendako. Mabega ya mtu aliyelima tangu utotoni nayo yanajua tofauti ya kutandika vitanda na kushika jembe.

Taabu ni kwamba mwajiri halisi si mwenye hoteli. Ni upepo. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, bahari hutulia na vyumba hujaa. Aprili kusi inaingia pamoja na masika, maji yanachafuka, mwani unarundikana ufukweni, na hoteli kadhaa hufunga milango hadi Julai. Meneja hana haja ya kugombana na mtu. Mkataba umekwisha, basi. Kodi ya chumba cha Malindi haijui kusi wala kaskazi.

Na huo ni mwaka mzuri. Utekaji nyara wa wageni huko Lamu mwaka 2011 uliwafukuza watalii, shambulio la Mpeketoni la Juni 2014 likawafukuza tena, na Machi 2020 serikali ilipozuia ndege za abiria kutoka nje hadi Agosti, hata mhudumu hodari wa pwani hakuwa na wa kumhudumia. Anayeishi kwa bakshishi ndiye wa kwanza kusikia njaa.

Msimu haubani watu wa pwani yetu peke yao. Kule Park City, Utah, Marekani, matajiri huenda kuteleza juu ya theluji, na theluji ikiyeyuka wafanyakazi wengi hurudi makwao. Desemba 27, 2024, wiki yenye wageni wengi kupita zote, walinda usalama wa watelezaji mlimani wapatao 200 waliweka vifaa chini wakidai nyongeza. Kampuni yao, Vail Resorts, ni kubwa mno, lakini ilibaki na sehemu kubwa ya mlima imefungwa na wageni wamenuna kwenye foleni. Januari 8 mgomo ukaisha, na nyongeza wakapata. Walikuwa na chama, na walijua mwezi ambao mwajiri anawahitaji zaidi. Kwetu chama cha wahudumu wa hoteli ni KUDHEIHA, lakini kibarua wa miezi minne huona kujiunga nacho ni kupoteza pesa. Nadhani anakosea.

Kosa jingine ni kuidhani sheria ya ajira kuwa ni ya wafanyakazi wa kudumu. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri akupe nyumba ya kufaa au pesa za kutosha kukodi. Ukifanya kazi miezi miwili au zaidi mfululizo na ajira ikaisha kabla ya mwaka, una haki ya likizo ya malipo, si chini ya siku moja na robo tatu kwa kila mwezi uliofanya. Kibarua wa kutwa aliyefanya kazi mfululizo kwa jumla ya mwezi mzima hawezi tena kuhesabiwa kibarua wa kutwa.

Hata hivyo, kijana wa Golbanti anacho kitu ambacho mhudumu aliyezaliwa mjini hana. Hoteli zinapofunga, ndipo mashamba ya mpunga na mahindi kandokando ya Tana yanapotaka watu. Kalenda mbili zinapokezana kana kwamba zilipangwa. Mto nao una hasira zake: mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalikuja hoteli zikiwa zimefungwa, na aliyetegemea vyote viwili alikosa vyote viwili. Lakini miaka ya namna hiyo haiji kila mara, na mwenye shamba bado ana nafuu kuliko anayeisubiri Julai mjini huku akikopa unga dukani.

Basi nendeni Malindi, ila msiuze shamba la mzee ili kulipia chumba huko. Na Aprili ikifika, usitoke getini bila cheti cha utumishi. Kwa Sheria hiyohiyo ya Ajira, kila aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi anastahili kupewa, hata kama kazi yake ilikuwa kuosha masufuria.