Pua Kuziba Baada ya Kubadili Chakula

Wanachama kadhaa hapa Mugutha wameacha chipsi na mkate, wakarudia githeri. Vizuri. Lakini sasa watuambia pua zimeziba na usingizi hakuna, na lawama yote ni ya maharagwe. Sisi twauliza kwanza: yanapikiwa wapi? Maharagwe makavu hukaa motoni saa nyingi, na nyumba ya chumba kimoja hujaa moshi. Pua itakosaje kuziba? Yalowekeni usiku kucha ili yaive upesi, kisha mpikie nje. Jiko la makaa lisilale ndani hata kama halitoi moshi; hewa yake haina harufu, nayo huua. Na chai kali saa tatu usiku, jamani, hufukuza usingizi. Lakini mtu akila akavimba uso au pumzi ikabana, akimbizwe hospitali mara moja.