Bilha Alisema Nini? Mafrateri Tukisoma Riwaya ya Mjakazi



Julai 2024 Papa Fransisko aliandika barua kuhusu nafasi ya fasihi katika malezi. Alieleza kwamba mwanzoni alitaka kuwaandikia wanaojiandaa kwa upadre, akaona baadaye kuwa jambo hilo linawahusu Wakristo wote. Sisi mafrateri wa falsafa tuliipokea barua ile kama ruhusa, tukachagua riwaya ambayo baadhi yetu walitaka kuirudisha maktaba kabla hatujafika katikati: The Handmaid's Tale, yaani Hadithi ya Mjakazi, ya Margaret Atwood wa Kanada, iliyotoka mwaka 1985.

Kwanza tueleze ni kitabu cha aina gani. Ni riwaya ya kubashiri. Mwandishi wa riwaya za namna hii huchukua mambo yaliyopo tayari duniani, kisha huuliza: yakiendelea hivi, tutafika wapi? Hakuna sayari ngeni humo wala viumbe wa ajabu. Atwood mwenyewe ameeleza kwamba alijiwekea sharti la kutoingiza tendo lolote ambalo binadamu hawajawahi kulitenda mahali fulani. Tena ni riwaya inayomtazama mwanamke, au tuseme vizuri zaidi, inayotazama dunia kutoka pale alipowekwa mwanamke.

Serikali ya Marekani imepinduliwa na sehemu ya nchi sasa inaitwa Gilead. Uzazi umepungua sana. Wanawake wanaoaminiwa kuwa bado wanaweza kuzaa hugawiwa kwa wakubwa ambao wake zao hawana watoto. Msimulizi anaitwa Offred, maana yake "wa Fred". (Kwetu pia mama huitwa kwa jina la mtoto wake, lakini hiyo ni heshima, na jina lake la ubatizo linabaki kwenye kitabu cha parokia. La Offred limefutwa.) Wajakazi hawaruhusiwi kusoma. Biblia imefungiwa kwenye sanduku, na mwenye ufunguo ni bwana wa nyumba. Usiku wa tendo lenyewe huifungua na kuwasomea watu wa nyumbani habari za Raheli na Bilha.

Hapo ndipo tulipokasirika. Tulisema mama huyu anaikashifu Biblia. Tukafungua Mwanzo 30, na aya zipo: Raheli hana mtoto, anampa Yakobo mjakazi wake Bilha ili amzalie. Jibu letu la haraka, ambalo ni sahihi, lilikuwa kwamba Maandiko husimulia mengi ambayo hayaamuru. Gilead imegeuza simulizi kuwa sheria. Tulifarijika pia kuona kwamba Gilead si ya Kikatoliki: padre ananyongwa na kutundikwa ukutani, masista wanalazimishwa kuacha nadhiri zao. Tulifarijika kupita kiasi, nadhani, maana mwenzetu mmoja aliuliza swali lililoharibu faraja yote: Bilha mwenyewe alisema nini?

Tulitafuta. Hakusema neno. Anapewa, anachukua mimba, anazaa wana wawili, na majina yao anayatoa Raheli. Tofauti kabisa na Hagari katika Mwanzo 16, mjakazi mwingine, ambaye malaika anamwuliza ametoka wapi na anakwenda wapi, naye anajibu, kisha anampa Mungu jina: Mungu anionaye. Tumesikia sura hizi zikisomwa tangu utotoni bila kuugundua ukimya wa Bilha. Ametuonyesha mwandishi wa riwaya.

Swali hilo lilitufuata mpaka darasani. Muhula uleule tulikuwa tunasoma Jamhuri ya Plato. Katika kitabu cha tano, Plato anasema wanawake wenye vipawa wanaweza kuwa walinzi wa mji sawa na wanaume, na tuliandika hilo kwenye madaftari kama sifa yake. Lakini katika kitabu hichohicho walinzi hawana ndoa zao wenyewe. Watawala huwapanga kwa kura iliyochezewa, ili asiyebahatika alaumu bahati na si wao. Watoto hupelekwa kwenye malezi ya pamoja, na mama huletwa kunyonyesha huku ikihakikishwa kwamba hamtambui wa kwake. Tulijibu mtihani juu ya mpango huo. Tuliandika "umoja wa mji" na "manufaa ya wote", tukapata alama nzuri.

Plato alifanya jaribio la fikra, na Atwood naye amefanya. Ila Plato ameuchora mji akiwa ametazama kutoka juu, na Atwood amemweka mtu mmoja ndani ya mpango, akampa kumbukumbu ya binti yake aliyenyang'anywa. Tuliporudi kwa Plato baada ya riwaya, yule mama anayeletwa kunyonyesha hakuwa tena mfano tu. Tulitaka kujua alikuwa akitazama wapi.

Mwishoni mwa riwaya kuna kongamano la wasomi, mwaka 2195. Simulizi la Offred limepatikana kwenye kanda za kaseti, na Profesa Pieixoto anatoa mhadhara. Anatania, ukumbi unacheka. Anaonya kwamba tusiihukumu Gilead kwa ukali. Anahangaika sana kumtambua yule bwana ni nani hasa, na anasikitika kwamba mwanamke huyu hakuwaachia karatasi kutoka kompyuta ya bwana wake. Anaeleza vyanzo, anapima ushahidi, kama tunavyofundishwa kufanya. Kisha anauliza kama kuna maswali, na kitabu kinaishia hapo.

Frateri mmoja alikiri kwamba alicheka pamoja na ukumbi ule. Tukamwuliza alicheka wapi. Alifungua ukurasa akatuonyesha, na wengi wetu tulikuwa tumecheka palepale.