Tani ya Kaboni Kutoka Zizini Meru

Ukipanda kutoka soko la Tengeru kuelekea mlimani, kwenye migomba na kahawa, ng'ombe wengi hawaendi machungani. Hukatiwa majani wakala bandani. Kinyesi hukusanyika mahali pamoja, na ndiyo sababu mtambo wa bayogesi unafaa huku kuliko nyikani. CAMARTEC, kituo cha serikali kilichopo Arusha, kilianza kazi ya bayogesi miaka ya 1980, na mwaka 2009 kikawa mtekelezaji wa mpango wa kitaifa wa bayogesi ya majumbani.

Kampuni ya utalii ya Arusha inaingiaje hapa? Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kilo 2.7 hivi za kaboni dayoksaidi. Gari likitumia lita 300 safarini, ni kilo 810. Baada ya kupunguza inachoweza, kampuni hununua hati za kaboni, kila hati ikiwa tani moja iliyozuiwa kwingine, tuseme jikoni kwa mama aliyeacha kuni akapikia bayogesi.

Ugumu uko kwenye tani hiyo, kwa kuwa tunahesabu moshi ambao haukutoka. Kaya ilikuwa ikichoma kuni kiasi gani? Zilitoka wapi? Matawi ya mgrivea yaliyopogolewa shambani huchipua tena, na machipukizi huifyonza kaboni ile ile. Mti wa porini uliokatwa usiote mwingine hauirudishi. Ukizihesabu kuni zote kama za pori linalokwisha, tani zinavimba. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kuwa miradi ya majiko sanifu waliyoichunguza ilipewa hati takriban mara 9 ya zile ilizostahili. Yale yalikuwa majiko, si bayogesi, ila swali la kuni ni lile lile.

Bayogesi ina hatari yake pia. Gesi hiyo kwa sehemu kubwa ni methani, ambayo kwa miaka 100 hupasha dunia joto mara 28 hivi kuliko kaboni dayoksaidi. Kuba la mtambo likipata ufa, mtambo wenyewe unachafua hewa. Kwa hiyo bei ya hati isiyobeba ujira wa fundi wa kurudi kukagua, mimi siiamini.

Nikifika kwenye kaya yenye mtambo, kabla ya kufungua daftari huzunguka nyuma ya nyumba kuyatazama mafiga, nione kama majivu ni ya leo.