Mkopeshaji Asimame Mlangoni

Huenda nawe umewahi kupokea ujumbe kwenye simu ukikuarifu kwamba fulani, unayemfahamu, ni mdaiwa sugu, na kukutaka umwambie alipe. Hukumdhamini, wala hukujua kama amekopa. Hapa Daraja Mbili ujumbe wa namna hiyo unaweza kumfikia katekista, mkwe na mwenyekiti wa jumuiya kwa siku moja, kwa sababu ya mama mmoja aliyekopa shilingi elfu hamsini za mtaji wa nyanya.

Usidhani ni hasira ya karani mmoja. Ndivyo programu hizo za mikopo zilivyotengenezwa. Unapoipakua, inaomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo kwenye simu yako. Kitufe cha kukubali ni kikubwa. Masharti ni marefu, kwa herufi ndogo. Mwenye haraka ya kulipa ada ya mtoto hasomi. Hapo ameweka rehani jina lake, pamoja na namba za watu ambao hawakuulizwa.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inaweka utaratibu mwingine. Mkopeshaji haruhusiwi kuingia nyumbani mwa mdaiwa kuchukua rehani. Asimame nje, mwenye nyumba amletee mwenyewe. Na kama maskini ameweka rehani vazi lake, arudishiwe jua linapotua, apate kulala amejifunika. Hapo Musa hakufuta deni, alilinda mlango. Kwa wengi wetu leo simu ni chumba cha ndani: mna picha za watoto, majibu ya hospitali na siri za ndoa.

Mlango huo unaweza kulindwa. Mwaka 2023 Google ilikataza programu za mikopo zilizo katika duka lake kusoma majina na picha za wateja. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake inapokea malalamiko. Basi, kumwaibisha mdaiwa si lazima ya teknolojia. Kuna mtu aliyekaa mezani akaamua iwe hivyo, naye atatoa hesabu mbele ya Mungu.

Ndugu yangu, dawa ya deni ni kulipa. Lakini kabla ya kukopa, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Nasi katika jumuiya zetu ndogo ndogo tujiulize kwa nini jirani alikimbilia simu usiku badala ya kutubishia hodi.

Ukipokea ujumbe wa kumwaibisha mtu, usiusambaze. Ufute, kisha umtembelee. Na leo kanisani, ukimwona amekaa benchi la nyuma peke yake, nenda ukakae naye.