Bwawa Linaloweza Kuelea

Bwawa la kuogelea la faiba linaweza kuchomoka ardhini lenyewe. Kinachotakiwa ni masika nzuri na mwenye nyumba aliyelimwaga maji ili alisugue.

Piga hesabu. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.4, likijaa hubeba karibu tani 45 za maji, na halitikisiki. Likiwa tupu, ganda lake lina uzito wa tani moja hivi. Maji ya ardhini yakipanda nusu mita tu juu ya kitako, kwa kanuni ile ile ya Archimedes inayofanya majahazi yaelee, yanalisukuma juu kwa nguvu ya takriban tani 16. Mkanda wa zege kwenye ukingo husaidia, ila hauwezi kushindana na nguvu hiyo peke yake. Ndiyo maana katika sehemu za chini za mitaa kama Mikocheni au Msasani, ambako maji hayako mbali na uso wa ardhi, fundi wa kumwamini huanza na maswali kuhusu shimo kabla ya kufungua katalogi ya rangi: kisima cha jirani kinajaa hadi wapi mwezi wa Aprili? Kisha husimika bomba wima lenye matundu chini, kutoka kitako cha shimo hadi juu, ili siku ya kulimwaga bwawa ushushe kwanza pampu humo na kuvuta maji ya nje. Asiyelitaja bomba hilo hadi umuulize, mimi ningemuaga mapema.

Ganda nalo lina siri zake. Hutengenezwa kinyumenyume juu ya umbo: kwanza jelikoti, ule uso laini wa rangi, wenye unene usiofika milimita moja, kisha resini na nyuzi za kioo, tabaka juu ya tabaka. Jelikoti haizuii maji kabisa. Molekuli chache hupenya, hukutana na kemikali zinazoyeyuka ndani ya resini, na kwa osmosisi huvuta maji zaidi hadi malengelenge yanatokeza. Kinga yake ni tabaka la resini ya vinili esta nyuma ya jelikoti, kwa kuwa inastahimili maji kuliko poliesta ya kawaida. Ni ghali zaidi, basi ndipo wauzaji wengine wanapobania.

Utajuaje ubora wa ganda? Omba kipande kilichokatwa lilipotobolewa tundu la kichota takataka. Ubavuni mwake unene na tabaka huonekana kwa macho. Au simama ndani ya ganda kabla halijazikwa, jua likiwa kali: palipo pembamba mwanga hupenya kwa mabaka.

Kinachoharibu zaidi, hata hivyo, ni kujaza pembeni. Kifusi kilichotoka shimoni hakifai, na mchanga mtupu ukilowa huhama na kuacha mapengo. Kokoto ndogo hubaki mahali pake na kupitisha maji. Nazo humwagwa hatua kwa hatua, sentimita 30 hivi kwa mara, huku maji ndani yakipanda sambamba; upande mmoja ukitangulia, ukuta unabonyea, na pima maji ukingoni itakuonyesha. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa sehemu za Nairobi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, pana kazi zaidi: huondolewa na kuwekwa kifusi kingine kilichoshindiliwa.

Mwisho kabisa, soma dhamana. Ya ganda na ya usimikaji ni vitu viwili, kwa kawaida kutoka kwa watu wawili, na zote ziandikwe. Ya ganda mara nyingi hufutika ukilimwaga bwawa bila fundi. Mtake pia fundi akupeleke kwenye bwawa alilosimika miaka kadhaa iliyopita, lililokwisha kupita masika, umuulize mwenye bwawa pembeni, fundi akiwa hayupo.